Je, wajua jua huingiaje ndani ya kaburi la Newgrange asubuhi ya siku fupi kuliko zote?

Katika miaka ya 1960, mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly alikuwa akichimba kaburi la kale liitwalo Newgrange, katika jimbo la Meath nchini Ireland. Wenyeji walimweleza mara kwa mara kwamba kuna siku jua huingia hadi ndani kabisa. Hakuwaamini. Alidhani wamechanganya habari zao na za Stonehenge, mduara wa mawe wa Uingereza ambao nao huhusishwa na macheo. Hata hivyo, juu ya mlango alikuwa amefukua mwanya mdogo wa mawe asioelewa ulikuwa wa kazi gani, na mlango wenyewe ulitazama kusini-mashariki. Basi tarehe 21 Desemba 1967, majira ya siku zilizo fupi kuliko zote huko, kabla hakujapambazuka, akaingia peke yake na kungoja gizani. Jua lilipochomoza, mwanga ukapita kwenye ule mwanya, ukatambaa sakafuni hadi chumba cha ndani. Wenyeji walikuwa sahihi.

Newgrange kwa nje ni tuta kubwa la mawe na udongo lililoota majani, lenye kipenyo cha mita 85 hivi na kimo cha mita 13, limezungushiwa mawe makubwa 97. Lilijengwa yapata mwaka 3200 KK. Piramidi kuu ya Giza, kule Misri, ilikuja zaidi ya miaka 600 baadaye. Waliolijenga walikuwa wakulima na wafugaji wasio na chuma, shaba wala gurudumu. Ndani kuna ujia mwembamba wa mita 19 unaoishia kwenye chumba chenye vijichumba vitatu pembeni, na humo ilipatikana mifupa ya watu wachache, mingine ikiwa imechomwa.

Ili kuelewa kwa nini watu wale walihangaika na jua la siku moja, inabidi kwanza tusahau jua tulilolizoea. Afrika Mashariki jua huchomoza saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na ni wachache wanaojali limetokea upande gani wa kilima. Kwenye ikweta, mahali linapochomozea huhama kwa nyuzi 47 hivi kati ya Juni na Desemba. Ireland iko mbali sana kaskazini, na huko huhama kwa zaidi ya nyuzi 80. Mwezi Juni mchana huchukua karibu saa 17; mwishoni mwa Desemba hubaki saa saba na nusu tu, na jua huchomoza saa tatu kasorobo hivi asubuhi. Mkulima wa huko, mwenye ghala linalopungua na ng'ombe waliokonda, alikuwa na kila sababu ya kutaka kujua kama mchana utaanza kurefuka tena.

Jua lenyewe humsaidia, kwa sababu halifiki mwisho wa safari yake na kugeuka ghafla. Ni kama bembea: ikikaribia ukomo wake hupunguza mwendo, huning'inia kidogo, ndipo hurudi. Kwa siku kadhaa kabla na baada ya tarehe 21 Desemba, jua huchomoza karibu mahali pale pale. Ndiyo maana mwanga huingia Newgrange kwa asubuhi kama sita mfululizo, ingawa siku ya katikati ndiyo yenye sifa.

Sasa tuje kwenye ufundi. Wengi hudhani mwanga huingia mlangoni. La. Sakafu ya ujia hupanda taratibu kutoka nje kwenda ndani, na ikifika chumbani imepanda kama mita mbili. Kwa hiyo mwanga wa mlangoni hukwama njiani. Sakafu yenyewe huuzuia. Wajenzi walilijua hilo, wakaacha kidirisha cha mawe juu ya mlango, kwenye kimo kile kile cha sakafu ya chumba. Jua likiwa chini kabisa kwenye upeo wa macho, juu tu ya kilima cha ng'ambo ya mto Boyne, miale yake husafiri karibu sambamba na ardhi, hupita kidirishani na kutua chumbani bila kupanda wala kushuka. Dakika 17 hivi baadaye jua limeshapanda na kusogea, na giza hurudi.

Ukiuliza maoni yangu, hicho kidirisha kinashangaza kuliko tuta lote. Kulundika mawe ni suala la nguvu na watu. Lakini kidirisha kilipaswa kupangwa kabla jiwe la kwanza halijasimikwa, kwa kulinganisha mteremko wa kilima, urefu wa ujia, mkunjo wake mdogo na kimo cha jua. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema Newgrange ilikuwa kalenda. Aliyejenga vile alikwisha kuijua siku hiyo kwa miaka mingi, pengine kwa kusimika vijiti tu na kutazama. Jengo halikumfundisha kitu. Kidirisha kilizibwa kwa vipande vya mawe meupe ya kwatzi, na mikwaruzo iliyobaki inaonyesha viliondolewa na kurudishwa mara nyingi. Tena mlango wenyewe ulikuwa na jiwe la kuufunga. Mwanga ungeweza kuingia hata mlango ukiwa umefungwa, jambo linalofanya wengi waamini kwamba uliandaliwa kwa ajili ya wafu waliolala mle kuliko walio hai.

Je, haiwezi kuwa bahati tu? Mwaka 1989 mwanaastronomia Tom Ray alichapisha hesabu zake katika jarida la Nature. Leo mwanga huingia dakika nne hivi baada ya jua kuchomoza. Lakini mhimili wa dunia hauinami kwa kiasi kile kile siku zote: sasa ni nyuzi 23.4, na wakati wa ujenzi zilikuwa karibu 24. Ukirudisha hesabu nyuma miaka 5,000, mwanga unaingia wakati jua linapochomoza, bila kuchelewa. Bahati ya namna hiyo ni vigumu kuiamini.

Masimulizi ya kale ya Kiairishi nayo yana lake. Yanasema Dagda, mmoja wa miungu, alilala na Boann, ambaye mto Boyne una jina lake, kisha akalisimamisha jua miezi tisa ili mtoto atungwe na kuzaliwa siku moja. Mtoto huyo, Aengus, akaja kuwa mwenye nyumba ya Newgrange. Hadithi hiyo iliandikwa maelfu ya miaka baada ya kaburi kujengwa, kwa hiyo haithibitishi kitu, lakini jua linalosimama mahali pamoja si habari ngeni pale.

Anayekwenda kutembelea ajue mambo mawili matatu. Huwezi kufika na gari lako hadi kaburini. Tiketi hukatwa kwenye kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, eneo lililoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993, kisha basi dogo hukupeleka. Ujia ni mwembamba kiasi kwamba mtu mnene hupita kwa ubavu. Ndani, mwongoza wageni huzima taa na kuigiza macheo kwa balbu, na usiudharau mwigo huo, kwa sababu balbu haijui mawingu. Ukuta mweupe unaong'aa kwa nje utazame kwa tahadhari: mawe yake ya kwatzi ni ya kale kweli, lakini O'Kelly aliyasimamisha upya kwa kuyashikiza na zege, na wanaakiolojia wengine wanasema ukuta wa namna ile haukuwahi kuwepo.

Kwa macheo yenyewe ya Desemba, nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, maana chumba hubeba watu wachache na waombaji hufikia makumi ya maelfu. Hata mshindi anaweza kuamka alfajiri akakuta mvua. Asiyetaka kamari hiyo ana njia nyingine katika jimbo hilo hilo la Meath: vilima vya Loughcrew, ambako kaburi liitwalo Cairn T hupokea jua la asubuhi mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, wakati usiku na mchana vinalingana. Mwanga wake hutua moja kwa moja juu ya jiwe la nyuma lililochongwa michoro inayofanana na jua.