Malori ya Zambia na Kongo yakiongezeka, barabara yetu tunaipangaje?

Simama Uyole njia panda asubuhi uangalie semi-trela zinavyopita, zingine zinakata kushuka Tukuyu kwenda Kasumulu ziingie Malawi, nyingi zinanyoosha Mbalizi mpaka Tunduma, halafu Zambia na Kongo kule kwenye shaba. Watu wa hapa Mbeya wananiuliza sana, si mjenge njia nne tu yaishe? Njia nne tunazihitaji kweli, lakini sisi wa mipango ya barabara hatuanzii hapo.

Tunaanza na uzito. Hatuhesabu magari peke yake, tunahesabu ekseli, yaani ule mhimili unaoshika matairi ya pande mbili, na tani zilizokaa juu yake, maana ekseli ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 20 tu, madhara kwenye lami hayaongezeki asilimia 20, yanakuwa kama mara mbili. Ndo maana mizani zipo Wenda, Makambako na Mpemba, na ndugu zangu madereva naomba msione ni usumbufu, yale mabonde ya matairi mnayoyaona kwenye lami hasa milimani ambako lori linapanda taratibu, mengi yanatokana na huo uzito.

Halafu kuna kukua. Chukua mfano, malori yakiongezeka asilimia 7 kila mwaka unaona kidogo, ila baada ya miaka 10 yamekuwa karibu mara mbili, na barabara kuu inasanifiwa kwa miaka 20 hivi. Kwahiyo ukipanga kwa foleni ya leo umeshachelewa.

Na mpaka nao. Tunduma na Nakonde, ule mji wa upande wa Zambia, wana kituo cha pamoja tangu 2019, lori linakaguliwa upande mmoja tu na maofisa wa nchi zote mbili, ni hatua kubwa sana. Lakini piga hesabu hii: mpaka ukiweza kupitisha malori 40 kwa saa na yanayofika ni 45, kila saa yanabaki matano, kesho yake muda kama huu yako 120, kila moja na nafasi yake mita 20, tayari una foleni ya kilomita mbili na nusu hivi na mama anapeleka mtoto kliniki kwa bodaboda anapenya katikati. Tofauti ya malori matano tu! Maegesho ya malori nje ya mji inabidi yatengewe eneo mapema, sio mpaka watu wajae.

Ardhi ndo inaniumiza zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na watu bado wanauziwa viwanja humo. Kabla hujatoa hela nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na ya barabara mkoa, waje wapime na wewe ukiwepo, usikubali kuoneshwa mpaka na dalali.