Babu zetu hawakuishi kwa nyama tu

Picha tumeizoea: mwanamume na mkuki wake, mnyama chini, ukoo mzima ukingoja mgawo. Mwaka 1953 mtaalamu wa anatomia Raymond Dart aliipa nguvu alipoandika kwamba binadamu alitokana na viumbe wawindaji wakali. Baadaye mtafiti wa visukuku C. K. Brain alichunguza mifupa ya pango la Swartkrans, Afrika Kusini. Fuvu moja, la mtoto wa jamaa wa karibu wa babu zetu, lina matundu mawili nyuma, na meno ya chini ya chui yanaingia humo barabara. Kumbe huyo "mwindaji" alikuwa kitoweo!

Si kwamba nyama haikuliwa. Mifupa yenye alama za kukatwa kwa mawe ipo tele. Ila hesabu ya nishati haikubali nyama peke yake. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo hula takribani asilimia 20 ya nishati yake, tena hupenda glukosi, sukari ambayo mwili huipata kwa wepisi kutoka kwenye wanga. Na wanyama wa kiangazi hukonda. Ukila minofu mikavu tu, bila mafuta wala wanga, ini hulemewa na protini na unadhoofika huku tumbo limejaa.

Wanga ulikuwa chini ya udongo, na moto uliulainisha. Katika Border Cave, pia Afrika Kusini, majivu ya miaka 170,000 hivi yamehifadhi mashina ya ardhini yaliyoungua. Nadhani mashina hayo hayakuingia katika ile picha ya mwindaji kwa sababu kuchimba hakuna mshindo.