Mkunjo Hushika Nywele Zikikauka, Si Zikilowa

Jumamosi iliyopita, saa mbili kasoro asubuhi, sijamaliza hata kufagia, binti mmoja akasimama mlangoni pa saluni yangu hapa Kisenyi, Kampala. Kichwani mtandio, macho mekundu ya mtu aliyelala vibaya. Saa nne alitakiwa awe Mukono kwenye kwanjula, yaani sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi, ya rafiki yake, na yeye ni mmoja wa mabinti wa kusalimia wageni.

"Anti, nimefanya kila kitu," akasema. "Nilifunga nywele vifundo jana saa nne usiku ili zijikunje, nikalala navyo. Leo nafungua kimoja, kimekuwa pamba."

Nikakifungua cha pili, kile cha kisogoni. Kidole kikalowa.

"Ulizilowesha kiasi gani?"

"Chepechepe, anti. Si ndivyo mkunjo unavyoshika?"

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza nilimweleza kwa upole, wa pili nilimweleza huku nikisonya. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya nikae niandike kuhusu kukunja nywele usiku bila moto, nikijibu moja moja maneno ninayoambiwa kitini.

"Nywele zikilowa sana, mkunjo unashika sana"

Hapana. Mkunjo haushiki nywele zinapolowa, unashika zinapokauka. Ningekuwa na uwezo ningeibandika sentensi hii kwenye kioo cha kila saluni kuanzia Wandegeya hadi Busia.

Unywele ni keratini, na nyuzi zake za ndani zimeshikana kwa viungo vidogo vidogo vya haidrojeni visivyo na idadi. Maji yakiingia, viungo hivyo vinaachana, ndiyo maana nywele mbichi zinatii mkono. Maji yakitoka, vinashikana upya, na vinashikana palepale unywele ulipolala wakati ule. Ukikauka ndani ya kifundo, unakauka umezunguka. Ukifunguliwa ukiwa bado na maji, unamalizia kukauka hewani, kila mmoja na njia yake, na hapo ndipo pamba inapotoka. Shati ukiliacha limekunjamana kwenye beseni litakauka limekunjamana. Hakuna uchawi. Maji yanafungua tu, kinachofunga ni kukauka, na kukauka kunataka muda.

Muda huo ndio ambao watu hawaupigii hesabu. Nywele zilizolowa kabisa zinabeba ndani yake maji kama asilimia 30 ya uzito wake, na kila unywele unavimba unene kwa karibu asilimia 15. Hapo sijataja maji yaliyonaswa katikati ya unywele na unywele. Sasa chukua maji yote hayo, yafunge ndani ya kifundo kinene kama limau, juu yake kofia ya satini, juu yake mtandio, ulale kwa muda wa saa sita au saba. Mwezi ni Aprili, mvua inagonga bati, usiku wa Kampala umeshuka hadi nyuzi 17 au 18, dirisha umelifunga kwa sababu ya mbu. Maji yaende wapi? Nimewahi kufungua vifundo vilivyokaa mchana kutwa na usiku kucha, katikati bado kubichi.

Dada yangu anaishi Arua. Yeye ananiambia misokoto yake mwezi wa Januari inakauka kabla hajaamka, nami namwamini, kiangazi cha kule kinakausha hata mate mdomoni. Lakini Arua ya Januari si Kampala ya Aprili. Na yule dada wa kwenye video unayemwiga huenda yuko ndani ya nyumba yenye hita la majira ya baridi, hewa kavu kama mkaa, au alikaa chini ya draya nusu saa kabla kamera haijawashwa. Hilo halionyeshwi.

Kisenyi ni mtaa wa vichwa vya kila namna. Wapo Wasomali wenye mawimbi yanayofika kiunoni, Wakongo na Waganda wenye kipilipili, na sisi Wanubi ambao nyumba moja tu unakuta aina zote. Kwenye kiti changu tunaelewana kwa Kiswahili. Na hakuna hata mmoja kati yao ninayemruhusu aende kulala na nywele zinazodondosha.

Mwenye kipilipili namwambia hivi. Osha asubuhi, au jana yake kabisa. Chanua zikiwa na kondishena, kwa vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, ukianzia ncha na kupanda kuelekea kwenye ngozi. Suka mikia minene sita au minane ili zinyooke, uiache ikauke na upepo wakati unaendelea na shughuli zako. Jioni, na nikisema jioni nina maana saa kumi na moja, si saa nne usiku baada ya tamthilia, fungua mkia mmoja mmoja. Puliza maji mara tatu au nne kwa chupa ya kupulizia, mpaka nywele ziwe na unyevu wa nguo iliyonyunyiziwa tayari kwa pasi. Jeli kiasi cha punje ya haragwe. Sokota au funga kifundo. Misokoto myembamba inakauka haraka kuliko minene, kwa hiyo mvivu wa kugawa nywele ndiye atakayelala na maji.

Mwenye mawimbi kazi yake ni nyepesi zaidi, lakini naye ana haraka. Acha zikauke zenyewe mpaka ukizishika usikie ubaridi tu, si maji, ndipo uzizungushe kwenye ule mkia mrefu wa satini wa kukunjia nywele au mkanda wa joho la kuogea. Na wale mnaoosha nywele saa kumi na mbili asubuhi, mnasokota, kisha mnafunga hijabu juu yake mnakwenda kazini: mmeupika unyevu tu. Jioni mtazikuta kama mlivyoziacha, na harufu juu.

Kabla hujafungua kichwa kizima, fungua kimoja, kile kinene cha kisogoni, kwa sababu ndicho cha mwisho kukauka. Gusisha nywele zake za katikati kwenye mdomo wa juu. Vidole vinadanganya, hasa vya mtu ambaye ametoka kuosha vyombo, ila mdomo haudanganyi: unyevu utausikia kama ubaridi. Ukiusikia, kirudishe ulivyokikuta, uwashe draya kwa joto la chini kama umeme upo. Kama haupo, nenda na misokoto yako hivyo hivyo. Misokoto nayo ni mtindo.

Yule binti wa kwanjula nilimwambia ukweli, kwamba muda uliobaki hautoshi. Nikamfumua vyote, nikamkausha, nikamsuka biswahili mistari kumi ya kurudi nyuma. (Ndiyo, hapa Uganda mistari ya kawaida tunaiita biswahili. Wateja wangu wanaotoka Mombasa hawajaacha kucheka.) Alifika Mukono wageni wakiwa bado wamepanga foleni nje ya geti.

"Kwa kuwa hakuna moto, hakuna madhara"

Moto una madhara yake, sikatai. Nimewakata wengi ncha zilizoungua kwa pasi. Lakini mkono nao unaharibu. Kifundo kilichokazwa mpaka nyusi zinapanda kinavuta mzizi usiku mzima, na ukirudia usiku baada ya usiku, nywele za kwenye paji la uso na juu ya masikio zinaanza kukimbia. Mwanzoni zinarudi ukiacha kuvuta. Ukiendelea miaka, mzizi unakufa, na hapo hakuna mafuta yatakayokurudishia.

Kinachoniudhi ni tulivyozoea. Mtu anatoka kusukwa, anapita duka la dawa kununua Panadol, kana kwamba ndiyo risiti. Maumivu si dalili ya kazi nzuri. Vipele vidogo kwenye mzizi si "nywele zinakua". Kukaza hakuongezi mkunjo hata kidogo. Mkunjo unatokana na umbo na kukauka, basi. Kifundo kikae imara, lakini uweze kunyanyua nyusi bila kusikia kitu.

Na si kila usiku. Nywele za kipilipili kila zinapojipinda pana udhaifu wake, na kila ukizifungua na kuzisokota upya unakatika mmoja hapa, wawili pale. Sokota mara moja, vaa mkunjo siku tatu nne. Usiku zikusanye utosini kwa utepe uliolegea, ulale.

"Paka mafuta mengi, ndiyo maji ya nywele"

Mafuta si maji. Mafuta yanazuia maji kutoka, na pia yanayazuia kuingia. Ukiyapaka kwenye nywele kavu umefunga ukavu ndani. Ukiyapaka mengi kwenye nywele mbichi kabla ya kusokota, umezidisha tatizo lile lile la juu: maji yamefungiwa, kukauka kunachelewa, asubuhi una misokoto inayong'aa ambayo haikushika kitu.

Mafuta yenyewe nayapenda. Moo yaa, siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, kutoka Acholi na Lango, sibadilishi na kopo lolote la kigeni. Siagi ya shea ya kwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa sababu ina oleini nyingi, inayeyuka kiganjani bila kuipasha moto. Mafuta ya nazi nayo yana sifa yake, ni kati ya mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele. Lakini hayo yote yana zamu yake, nayo ni asubuhi: kidogo kwenye ncha za vidole wakati wa kufungua, ili misokoto iteleze bila kupasuka. Usiku tumia jeli, yenyewe ndiyo inayoshika umbo. Usipokuwa nayo chemsha bamia, chuja ule mlenda, inafanya kazi vizuri, ila bila friji haikai zaidi ya siku chache kabla ya kunuka.

Na mafuta usiyamwage kwenye ngozi ya kichwa kwa kisingizio cha mba. Fangasi wa mba anakula mafuta. Unamwandalia karamu.

"Ukizisokota kila siku zitazoea, zitakuwa za mawimbi"

Unywele ukishatoka kwenye ngozi ni mfu, hauna cha kuzoea. Umbo lake linaamuliwa na kifuko unamoota. Mkunjo wa usiku unashikwa na vile viungo vya haidrojeni, na tone la mvua linatosha kuvifungua. Wanaobadilisha umbo kweli ni wenye kuweka dawa, maana dawa inavunja viungo vya salfa ambavyo maji hayaviwezi. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ina gharama zake.

"Kulala na nywele mbichi kunaleta mafua"

Mafua yanaletwa na virusi. Nywele mbichi zitakuletea mto unaonuka, na huenda mba ukazidi. Mafua mtafute aliyekupigia chafya kwenye teksi.

"Kitambaa chochote kinafaa"

Kitenge mara nyingi ni pamba, na pamba inanyonya unyevu na kukwaruza. Satini inateleza. Lakini msitoe pesa nyingi kwa jina: satini ni namna ya kufuma tu, si aina ya uzi, na ile ya poliesta inatosha kabisa. Foronya za satini za mitumba zimejaa soko la Owino. Ifue kwanza.

"Nywele zangu fupi, haya hayanihusu"

Hili nalisikia kila Desemba kutoka kwa mabinti waliomaliza Senior Six. Miaka yote ya shule wamenyolewa, sasa wana kidole kimoja cha nywele na wanataka kuruka moja kwa moja kwenye rasta. Mwanangu, nywele fupi ndizo zinazokauka upesi. Zipulizie, paka jeli, zungusha fungu dogo dogo kwenye kidole cha shahada mpaka lijikunje lenyewe, lala. Kinachotakiwa ni subira ya saa moja na nusu mbele ya kioo.

"Kofia ya boda inaharibu mkunjo, bora nisivae"

Hapa siongei kama msusi. Vaa kofia. Mkunjo uliobonyea unarudishwa kwa vidole na mpulizo wa maji. Fuvu halirudishwi. Kama una shughuli, panda boda na misokoto yako ikiwa bado imefungwa, kofia ya satini chini, ya pikipiki juu. Ukishafika, ingia chooni pa ukumbi, tia tone la mafuta vidoleni, fungua mmoja mmoja kufuata upande uliosokotwa, kisha gawa kila mmoja mara mbili. Usiuguse kwa kitana. Dakika kumi zinatosha.