Buibui wa uzi wa dhahabu hajakukojolea, usimpulizie dawa

Kila mvua zikianza, malalamiko huongezeka ofisini kwetu. Mtu ameamka na malengelenge shingoni, na nje, kati ya mnazi na ukuta, ametanda buibui mkubwa mwenye miguu myekundu. Basi wanasema amemkojolea. Jioni bomba la mgongoni linatolewa stoo.

Buibui hana mkojo wa kumuunguza mtu. Tumelieleza hili miaka na miaka na bado tunaulizwa. Malengelenge hayo mara nyingi hutokana na mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa usiku. Ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake ndiyo yanayounguza. Mpeperushe bila kumponda, kisha nawa kwa sabuni. Malengelenge yakijipanga upande mmoja wa mwili, huenda ni mkanda wa jeshi. Nenda kituo cha afya.

Huyu wa mnazini ndiye buibui wa uzi wa dhahabu, kwa jina la kisayansi Trichonephila inaurata, anayeishi kuanzia Afrika Kusini hadi visiwa vya Ushelisheli. Simama asubuhi jua likiwa nyuma ya utando wake uone uzi wa njano unavyong'aa. Mwili wa jike hufika sentimita 3 hivi. Dume ni mdogo kama inzi, husubiri pembeni mwa utando huohuo, na watu hudhani ni mtoto wake. Ukimbana mkononi atauma, lakini sumu yake si ya kuua mtu. Huko Madagaska, uzi wa buibui hawa zaidi ya milioni 1 ulifumwa kitambaa kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Walivutwa uzi, kisha wakaachiwa. Nyumbani kwako anakula nzi, nondo na panzi bila malipo. Ila utando wake usiubandike kwenye kidonda, una vumbi na mabaki ya wadudu.

Sasa kuhusu dawa. Mama mmoja alituletea kiuatilifu alichopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, na ana watoto wadogo nyumbani. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, kiuatilifu lazima kiwe kimesajiliwa. Anayeuza kisichosajiliwa anatenda kosa na anaweza kushtakiwa. Dukani, dai kopo lenye lakiri, soma namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, zao na mdudu aliyekusudiwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dai risiti na uitunze. Kopo likiisha, lisuuze mara tatu, maji ya suuzo yamimine ndani ya bomba la kupulizia, kisha litoboe lisije likawekewa mafuta ya kula. Muuzaji akikupimia kwenye chupa, toa taarifa kwa afisa ugani wa kata, na chupa uende nayo.

Utando ukiziba mlango, uvunje kwa fimbo ndefu, mwache buibui apande fimbo, mpeleke mti wa pili. Atatanda mwingine hukohuko.