Asilimia 40 ya Norway ilihusu nini hasa?

Wengi wanaamini kwamba Norway ilizilazimisha kampuni zote kuwapa wanawake asilimia 40 ya kazi. Imani hiyo inaeleweka, maana kwenye midahalo ya siasa sheria ndefu hufupishwa hadi ikabaki namba tu.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2003 iligusa bodi za wakurugenzi, si ajira. Bodi husimamia menejimenti na kupitisha mikakati. Haimwajiri karani wala fundi. Tena sheria hiyo ilizilenga kampuni zinazoruhusiwa kuuza hisa kwa umma, pamoja na zile za serikali. Karakana ya familia haikuguswa. Kampuni binafsi kubwa zilianza kuingizwa hatua kwa hatua mwaka 2024.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba sheria inataja kila jinsia. Wanahisa wakichagua wajumbe watano, lazima angalau wawili wawe wanawake na angalau wawili wawe wanaume. Wanawake wanne na mwanamume mmoja nao wanakiuka sheria.

Adhabu, kwa kweli, ni kali: kampuni isiyotii inaweza kuvunjwa. Hapo ndipo penye ubishi wa haki, yaani serikali iwaingilie wanahisa kiasi gani. Kuhusu athari ya sheria hiyo kwa faida ya kampuni, tafiti zinapingana.

Ukisikia dai la namna hii, tafuta kifungu chenyewe uangalie kinataja kampuni za aina gani, chombo kipi na tangu lini. Kisha fungua ripoti ya mwaka ya kampuni. Majina ya wajumbe wa bodi huwa yameorodheshwa humo.