Laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini

Mwenye kitalu cha miche ya parachichi kule Tukuyu akiwa na viriba 720, anaweza kuvipanga kwa safu 8, 9, 10, 12, 15, 16, 18, 20 au 24, na zote zikatoka sawasawa. Akiongeza kiriba kimoja tu, kazi imeharibika: 721 ni 7 × 103. Ama safu 7 za viriba 103, ama 103 za viriba saba saba. La sivyo avipange vyote mstari mmoja.

Sasa iandike 720 mara mbili mfululizo: 720,720. Namba ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo, umeizidisha kwa 1,001, nayo 1,001 ni 7 × 11 × 13. 720 yenyewe ni 16 × 9 × 5. Vigawo tasa vyote vimepatikana bila kikokotoo: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Hii ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba 1 mpaka 16, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja kati ya hizo. Kosa la kawaida ni kuzidisha zote kumi na sita. Utapata namba kubwa mno, kwa sababu 14 haileti kitu kipya (2 na 7 zimo tayari), wala 15. Chukua kipeo kikubwa tu cha kila namba tasa. Mpaka 15 jibu ni 360,360. 16 inadai 2 moja zaidi, basi linakuwa maradufu. 17 inagoma, inabakiza 5.

Idadi ya vigawo ndiko wengi wanakoteleza. Wanazidisha vipeo, 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1, wanapata 8. Kumbuka 2 unaweza kuichukua mara nne, tatu, mbili, moja, au uiache kabisa: hizo ni njia tano. Kwa hiyo kila kipeo kiongeze 1 kwanza: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Chini ya milioni hakuna namba inayozidi hapo. 831,600 nayo ina 240, ila imechelewa. Namba zilizozipita zote za nyuma yake kwa idadi ya vigawo ndizo Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizozichambua mwaka 1915, na 720,720 imo.

Jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 2,529,072, zaidi ya mara tatu ya namba yenyewe. Namba kamilifu kama 28 hutoka sawa kabisa; hii imefurika.

Si mraba, maana 5 imeingia mara moja tu. Kipeuo chake cha pili ni 848 na ushee, na jozi iliyokikaribia zaidi ni 840 × 858.

Ukitoa 1, usikimbilie kusema umepata namba tasa. 720,719 haigawanyiki kwa chochote kuanzia 2 hadi 30, halafu 31 inaivunja: 31 × 23,249.