Springi Haziongezi Uwezo wa Pikapu: Kuhusu Kuchagua Kempa Yenye Kuta Ngumu

Jumamosi iliyopita nilipokea ujumbe wa nne mwezi huu kutoka kwa watu wasiojuana hata kidogo, na wote wanne wameniandikia karibu maneno yaleyale: "Shikamoo fundi, nimeshanunua kempa, sasa naomba uniongezee springi ili gari libebe vizuri." Kempa ninayoisema ni ile nyumba ndogo ya safari inayokaa juu ya mgongo wa pikapu. Nimekuwa nikifunga kempa kwenye pikapu hapa Oregon kwa zaidi ya miaka kumi, na inanifurahisha sana kuona Waswahili wenzangu wa huku Marekani wakianza kuzipenda. Lakini imani hii, kwamba springi ndiyo inayobeba na kwamba ukiongeza springi umeongeza uwezo wa gari, nimeikanusha kwa simu, kwa barua na ana kwa ana mpaka nimechoka, na nimeona bora niiandike mara moja kwa urefu ili anayefuata nimwelekeze hapa.

Sitapoteza muda kueleza kwa nini mtu achague kuta ngumu badala ya paa la kunyanyuka lenye turubai. Kuta ngumu hushika joto wakati wa theluji, hupunguza kelele, na kuna mahali ambapo turubai hairuhusiwi kabisa: kambi ya Fishing Bridge ndani ya hifadhi ya Yellowstone hupokea magari yenye kuta ngumu tu, kwa sababu dubu wakubwa wa kahawia hupita pale. Gharama ya faida hizo ni uzito, na uzito ulio juu, na hapo ndipo mazungumzo yote yanapopaswa kuanzia.

Fungua mlango wa dereva na uangalie nguzo yake. Utakuta stika yenye rangi ya njano inayotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Namba hiyo ni ya gari lako wewe, jinsi lilivyotoka kiwandani, na wala si ya tangazo la televisheni. Usiniletee uwezo wa kuvuta, kwa maana tela ina magurudumu yake na hubeba sehemu kubwa ya uzito wake yenyewe, ilhali kempa hukaa yote juu ya mgongo wa gari. Usiniletee pia majina ya "nusu tani" na "tani moja", ambayo yalitokana na uwezo wa magari ya zamani na leo yamebaki kuwa majina tu.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa ukaribu, kwa sababu kina kila kitu ninachotaka kusema. Mzee mmoja wa Tanga, mtu makini na msomi, alinijia na pikapu ya Ford F-250 ya dizeli, kabini ya milango minne, bodi (ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo) fupi, magurudumu yote manne yakivuta. Stika yake ilisema pauni 2,200, yaani kilo 998. Juu yake kulikuwa na kempa ambayo karatasi ya muuzaji iliiandika pauni 2,500, sawa na kilo 1,134. Aliponunua alitambua kwamba namba hizo mbili hazipatani, naye akaambiwa na muuzaji kwamba tatizo hilo lina dawa, akapelekwa karakana nyingine akafungiwa mifuko ya upepo, yaani springi za mpira zinazojazwa hewa, juu ya ekseli ya nyuma. Alinijia mimi kwa sababu usukani ulikuwa mwepesi mno kwenye kona na hakujua kwa nini.

Nilianza na karatasi ya muuzaji, kwani uzito unaoandikwa pale ni wa kempa kavu, isiyo na kitu, na mara nyingi isiyo hata na vifaa ambavyo kila mnunuzi huvichukua. Tulihesabu pamoja tukiwa tumesimama pale uani. Maji lita 150 ni kilo 150, hakuna ubishi. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa ni kilo 34. Betri mbili za risasi na asidi ni kilo 56. Kiyoyozi cha juu ya paa kilo 45, kivuli cha kukunjua kilo 25, jenereta kilo 57. Kisha vyombo, chakula, nguo, matandiko, viti vya nje na sanduku la zana, ambavyo kwa familia ya watu wanne nilivikadiria kilo 150. Jumla ya nyongeza ilikuwa kilo 517, na kempa ya kilo 1,134 ikawa ya kilo 1,651 kabla hata mtu mmoja hajapanda. Ukiongeza yeye, mkewe na watoto wawili, kilo 240, gari lilikuwa limebeba kilo 1,891 kwenye stika ya kilo 998.

Mzee alinijibu kwa upole, "Lakini fundi, mifuko si imeshafungwa?"

Nikamwambia twende mizani. Katika vituo vingi vya malori nchini humu kuna mizani za CAT, ambazo humpimia mtu yeyote kwa ada ndogo na kumpa karatasi inayoonyesha kila ekseli peke yake. Tulikwenda na familia nzima, matangi yakiwa yamejaa. Mara ya kwanza tulipima mifuko ikiwa na upepo mdogo kabisa unaoruhusiwa, na mkia wa gari ulikuwa umelala hata taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti. Kisha nikajaza mifuko, mkia ukanyanyuka kwa vidole viwili, gari likakaa sawa na kupendeza, tukapanda mizani tena. Karatasi ya kwanza ilisoma pauni 6,780 kwenye ekseli ya nyuma. Ya pili nayo ikasoma pauni 6,780. Nilimpa zote mbili azishike, moja kila mkono, na nikanyamaza.

Kiwango cha juu cha ekseli ile kilikuwa pauni 6,200. Ilikuwa imezidiwa kwa pauni 580, na upepo haukupunguza hata pauni moja.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Springi, iwe ya bapa, ya kuzunguka au ya upepo, haibebi mzigo mahali pa kitu kingine. Huupokea kutoka kwenye chesisi na kuupitisha kwenye ekseli. Chini yake bado kuna gamba la ekseli, beringi, rimu, tairi na breki, na kila kimoja kinapokea uzito uleule kama awali. Ukiongeza majani ya springi umebadilisha jinsi gari linavyosimama na linavyoyumba, jambo ambalo lina thamani yake, lakini beringi haijui kwamba kuna springi mpya. Breki ndizo zinazonitia hofu zaidi kuliko vyote, kwa sababu gari lililokaa sawa humpa dereva imani ambayo breki zake hazistahili. Gari lililolala nyuma angalau linamwonya mwenye nalo kwamba kuna jambo. Mifuko ya upepo huondoa onyo hilo na kuacha hatari ilipo.

Baada ya kusema hayo, ni haki niseme pia jambo ambalo wauzaji hulitumia kunibana, na ambalo mimi mwenyewe linanisumbua. Ukiziweka pamoja F-250 na F-350, ile ya daraja la juu yake, za mwaka mmoja, zote zenye tairi moja kila upande wa nyuma, utakuta zinashirikiana sehemu nyingi mno, na tofauti kubwa unayoiona kwa macho ni springi za nyuma. Sasa, ikiwa kiwanda chenyewe kimepandisha kiwango kwa kubadilisha springi, mimi ni nani hata nikatae? Jibu langu si kamili. Sehemu ya namba hizo ni ya kisheria zaidi kuliko ya kihandisi: hapa Marekani kuna mpaka wa pauni 10,000 unaotenganisha daraja la pili na la tatu la malori, na magari mengi ya kundi la F-250 yameandikiwa pauni 10,000 kamili, uzito wa gari na mzigo wake kwa pamoja, kwa sababu ya mpaka huo. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba F-250 yake inaweza kubeba zaidi kidogo ya stika yake huenda anasema kweli, na sijawahi kuweza kumthibitishia kinyume. Ninachokishika bila kulegea ni namba mbili nyingine: kiwango cha kila ekseli na kiwango cha tairi. Hizo ni za chuma na mpira, hazina siasa ya madaraja. Tairi yenye alama ya uzito ya 125 ubavuni hubeba kilo 1,650 ikiwa na upepo kamili, ya 121 hubeba kilo 1,450, na ukishapita hapo, hakuna hoja itakayoizuia kupasuka kwenye lami ya mwezi wa saba. Hata hivyo, mteja wangu akiniuliza la kufanya, humwambia afuate stika nzima, kwa sababu siku ya ajali bima na wakili watasoma stika.

Tairi za mzee zilikuwa na alama ya 125, hivyo zilikuwa salama. Ekseli haikuwa salama. Na usukani mwepesi ulikuwa na sababu yake, ambayo ni suala la pili ambalo watu hulipuuza: kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa kempa unasawazika.

Aliyewahi kuwatazama wasukuma mikokoteni wa Kariakoo hahitaji kitabu cha fizikia. Mzigo ukipangwa mbele kidogo ya gurudumu, upande wa mishikio, mkokoteni unatulia mkononi. Ukirudishwa nyuma, mishikio inanyanyuka na msukumaji anabaki akining'inia. Pikapu ni vivyo hivyo, na magurudumu ya mbele ndiyo mishikio. Kitovu cha uzito cha kempa kinatakiwa kiwe mbele ya ekseli ya nyuma, hata kama ni kwa sentimita chache. Sheria ya Marekani inawataka watengenezaji wa pikapu waeleze ni eneo gani la bodi kitovu hicho kinaruhusiwa kukaa, na kempa nzuri huwa na alama ubavuni inayoonyesha kitovu chake kilipo. Pima kwa futi ya fundi kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kisha pima kutoka ukuta wa mbele wa kempa hadi alama ile, ulinganishe. Ni kazi ya dakika tano, na sijawahi kumwona muuzaji akiifanya mbele ya mnunuzi.

Kempa ya mzee ilitengenezwa kwa bodi ndefu, ikawekwa kwenye fupi, na kitovu chake kilianguka sentimita 30 nyuma ya ekseli. Kwa gari lenye mita 4.06 kati ya ekseli na ekseli, kempa ya kilo 1,651 iliyokaa hivyo huondoa takriban kilo 122 kwenye magurudumu ya mbele na kuziongeza nyuma, juu ya uzito wake wote. Tangi la maji lililo nyuma kabisa, au chumba kinachovutwa na kutokeza nje upande wa nyuma, huzidisha hali hiyo. Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua kati ya kempa mbili zenye uzito sawa, huuliza tangi la maji liko wapi kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu muundo nitakuwa mfupi. Fremu ya mbao ni rahisi kutengenezwa upya lakini huoza maji yakipenya; fremu ya alumini haiozi, ingawa kuta zilizobandikwa juu yake kwa gundi zinaweza kuachana; na zile za maganda mawili ya nyuzi za kioo, kama Bigfoot na Northern Lite za British Columbia, Kanada, zina viungo vichache vya kuvuja na bei inayolingana na sifa hiyo. Ukinunua iliyotumika, panda kwenye kitanda cha juu ya kabini, ubonyeze kwa dole gumba pembe zote mbili za mbele, chini ya godoro. Pakibonyea, ondoka. Kuhusu kufunga, vyuma vya kukazia vishikiliwe kwenye chesisi badala ya bodi, hasa kwa Ford hizi ambazo bodi zake zimekuwa za alumini tangu toleo la 2017, na weka mpira mnene chini ya kempa ili isiteleze.

Mzee aliiuza kempa ile kwa hasara na akabadilisha gari. Nilimshauri aiache dizeli, kwa sababu injini yake huongeza kilo mia mbili na zaidi ambazo hutolewa kwenye stika yako, akapata F-350 ya petroli yenye bodi ndefu na stika ya pauni 4,000, sawa na kilo 1,814. Kempa mpya ikiwa imejaa kila kitu ilikuwa kilo 1,400, na kitovu chake kilikaa sentimita 10 mbele ya ekseli. Pamoja na familia ilikuwa kilo 1,640. Tulirudi kwenye mizani ileile, ekseli ya nyuma ikasoma pauni 6,060, ndani ya kiwango chake na nafasi ikibaki. Alitaka nihamishie mifuko ya upepo kwenye gari jipya, nami nikazunguka nyuma nikapima urefu wa mkia kutoka chini, nikamwonyesha kwa namba kwenye futi kwamba gari limekaa sawa bila msaada, na mifuko ikabaki ndani ya boksi.